Unyenyekevu uanze kwa mwenye nguvu

KISWAHILI na Kirundi ni ndugu, na katika jambo moja vinasema kitu kilekile. Mtu mwenye majivuno Mswahili husema “anajiona”. Mrundi naye kiburi anakiita ubwibone, neno lililotokana na kwibona, yaani kujiona vilevile. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba mwenye kiburi ni mtu ambaye macho yake yamemgeukia mwenyewe. Anapita njiani haoni mtu, anakaa mezani haoni mwenzake, anaingia kanisani haoni hata Mungu aliyemfuata.

Dawa ya ugonjwa huo sisi Wakristo tunaijua kwa jina: unyenyekevu. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utotoni katika makazi ya wakimbizi Tanzania, na nimeendelea kuisikia hapa nyumbani tangu niliporejea mwaka 2009. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna jambo limekuwa likinikera kwa muda mrefu. Mahubiri haya mara nyingi huelekezwa chini. Mke anaambiwa anyenyekee kwa mumewe, mfanyakazi wa ndani kwa mama mwenye nyumba, mwanafunzi kwa mwalimu, mwenye deni kwa mwenye duka, na mrejeaji asiye na shamba kwa yule aliye nalo. Ni mara chache sana utasikia mwenye shamba, mwenye duka, mwalimu na mchungaji wakiambiwa neno hilohilo kwa ukali uleule.

Hoja yangu leo ni hii: unyenyekevu wa Kikristo huanza kwa mwenye nguvu. Mnyonge aliyeinamisha kichwa kwa sababu hana la kufanya hajanyenyekea bado, amelazimika tu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na ushauri huo umeokoa maisha ya wengi katika nchi zetu. Lakini huo ni ushauri wa kuishi salama. Injili inakwenda mbali zaidi, inamtaka mwenye nguvu ampishe asiye nazo.

Kabla sijafika huko, tuangalie kwanza kiburi tulicho nacho, kwa sababu kila mmoja wetu ni hodari wa kukiona cha mwenzake.

Sisi tuliorejea tuna chetu. Tuliishi katika nchi ya Kiswahili, tukasoma shule zake, tukazoea masoko yake. Baadhi yetu tuliporudi tulianza kuwatazama waliobaki kana kwamba hawajawahi kuvuka hata mto. Tunasema Kiswahili kwa sauti kubwa dukani hata pale ambapo Kirundi kingetosha, ili ijulikane kwamba tumetembea. Kila jambo tunalinganisha na “kule Tanzania”: kule shule zilikuwa hivi, kule kilimo kilikuwa vile, kule watu ni wastaarabu. Anayesikia hayo kila siku anaelewa kwamba yeye anahesabiwa si mstaarabu.

Waliobaki nao wana chao. Kwao sisi ni watu tulioishi kwa mahindi ya HCR huku wao wakibaki na risasi na njaa. Mtoto wa mrejeaji akikosea Kirundi darasani anachekwa, akishindwa Kifaransa anaitwa mjinga, ingawa anazijua hesabu kwa Kiswahili kuliko wanaomcheka.

Kisha kuna kiburi ambacho nadhani ni cha hatari kuliko hivyo viwili, nacho ni kiburi cha mateso. Nchi yetu imetoa wakimbizi kwa mafungu. Kuna waliokimbia 1972, kuna waliokimbia baada ya Oktoba 1993, na kuna waliokimbia 2015 ambao wamekuwa wakirejea kwa misafara kutoka Tanzania tangu 2017. Na kuna wengi ambao hawakuvuka mpaka wowote, bali walilala porini wakiwa ndani ya nchi yao. Ukikaa na watu wa mafungu haya pamoja, haipiti muda mrefu kabla mashindano hayajaanza: nani aliteseka zaidi, nani alipoteza wengi zaidi, nani ana haki ya kusema na nani anyamaze. Msiba unageuzwa kuwa cheo. Mtu anajiona kwa makaburi yake kama mwingine anavyojiona kwa gari lake. Na ukishaamini kwamba mateso yako ndiyo makubwa kuliko yote, hutakuwa na nafasi ya kusikia ya jirani.

Wengine watasema, “Mwalimu, hiyo ndiyo dunia. Katika mazingira kama haya ukijishusha utakanyagwa.” Ni hoja yenye uzito, wala siidharau. Lakini tusidhani kwamba Injili ilihubiriwa kwanza kwa watu wapole waliokwisha kuzoea kujishusha. Chukueni mji wa Filipi, ambao Mtume Paulo aliuandikia barua yake. Baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, Warumi waliufanya mji ule koloni lao, wakawagawia mashamba wanajeshi wao waliostaafu. Ulikuwa mji wa watu wanaojivunia uraia wa Roma, vyeo vya jeshi na ardhi waliyopewa na watawala. Katika dunia ile heshima ndiyo ilikuwa mali kuu ya mtu. Neno la Kigiriki ambalo Biblia zetu hulitafsiri kuwa unyenyekevu lilinuka hali ya chini, hali ya mtumwa na fukara. Hakuna baba aliyetamani mwanawe aitwe hivyo.

Kwa watu wa namna hiyo ndipo Paulo alipoandika sura ya pili ya barua yake. Anawaeleza juu ya Kristo aliyekuwa sawa na Mungu, asiing’ang’anie hali hiyo, akajifanya mtumwa, akafa msalabani. Msalaba ulikuwa adhabu ambayo Warumi waliwapa hasa watumwa na waasi. Msomaji wa Filipi alielewa mara moja jinsi mtu yule alivyoteremka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Lakini tuangalie vizuri aliyeteremka ni nani. Ni yule aliyekuwa juu. Hakuna aliyemsukuma.

Injili ya Yohana inasema jambo hilohilo kwa namna yake katika sura ya 13. Kabla ya kusimulia jinsi Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu, kazi ambayo ilikuwa ya watumwa, mwandishi anatangulia kueleza kwamba Yesu alijua Baba amekwisha kumpa vyote mikononi mwake. Mpangilio huo una maana. Mikono iliyokuwa na vyote ndiyo iliyoshika taulo na beseni. Petro, aliyekuwa mdogo kwake, ndiye aliyekataa, na kukataa kwake kulionekana kama heshima.

Sasa turudi kwa yule anayeogopa kukanyagwa. Mji wa Filipi una somo lake pia. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, kinasimulia kwamba Paulo na Sila walichapwa viboko hadharani mjini humo na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Kulipokucha wakuu wa mji walituma watu wawaachie kimyakimya. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Roma, wamepigwa mbele ya watu, basi wakuu wenyewe waje kuwatoa. Na wakaja. Mtu huyohuyo ndiye aliyewaandikia Wafilipi juu ya kujishusha. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba kudai cheti chako, mshahara wako, shamba la baba yako au maelezo ya kodi uliyotozwa ni ukosefu wa unyenyekevu. Mnyenyekevu anaweza kudai haki yake akiwa amesimama wima. Asichofanya ni kuitumia haki hiyo kumkanyagia mwingine.

Nimelitaja shamba, na hapo ndipo penye kidonda chetu. Tunaoishi Rumonge na Nyanza-Lac tunakijua. Baada ya mauaji ya 1972 na watu kukimbia, mashamba mengi ya tambarare ya Imbo yaligawiwa wengine, baadhi yao wakiletwa kutoka mikoa ya mbali na kupewa ardhi na serikali ya wakati huo. Walipanda michikichi, wakajenga, wakazaa, wakazika. Kisha Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ukasema kwamba mkimbizi anayerejea arudishiwe mali yake, ardhi ikiwa mbele, na ikishindikana apewe fidia ya haki. Katika 2008 na 2009 peke yake, watu zaidi ya 50,000 wa 1972 walirejea kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kila mmoja alikuja na kumbukumbu ya kilima fulani, mwembe fulani, kijito fulani. Na kwenye kilima hicho alikuta moshi ukitoka katika jiko la mtu mwingine.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa 2006 kushughulikia kesi hizo. Miaka ya kwanza ilisukuma zaidi njia ya kugawana. Baadaye, kuanzia 2011, msimamo ulibadilika na maamuzi mengi yakaelekea kumrudishia mrejeaji ardhi yote. Siandiki ili niseme njia ipi ilikuwa sahihi. Ninachotaka tukione ni kwamba nguvu ilihama. Leo mwenye nguvu alikuwa yule anayelima na mwenye karatasi, kesho akawa yule aliyerudi na uamuzi wa tume mkononi. Mtu aliyelia mwaka huu anaweza kuwa ndiye anayemliza mwenzake mwaka ujao. Kwa hiyo swali la unyenyekevu halimhusu mkazi peke yake wala mrejeaji peke yake. Linamhusu yeyote ambaye siku hiyo mkono wake uko juu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kuna kesi ya ardhi ambayo ningependa isomwe katika kila kanisa la Imbo. Wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha na mifugo yao. Kwa desturi za kwao na za kwetu, kesi ile ilikuwa rahisi. Abramu ndiye baba mdogo au mkubwa, tuseme vyovyote, Lutu ni mtoto wa ndugu yake. Abramu ndiye aliyeitwa na Mungu, ndiye mwenye ahadi. Angetosha kusema, “Mimi nachagua hapa, wewe nenda pale,” na hakuna mzee ambaye angemlaumu. Badala yake alimwachia kijana achague kwanza. Lutu alichagua bonde la Yordani lenye maji mengi, Imbo ya kwao. Abramu akabaki na vilima.

Abramu hakumpa Lutu haki ambayo Lutu alikuwa nayo. Alimpa nafasi ya kwanza, ambayo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Hakuikana ahadi ya Mungu wala hakujisema kuwa hafai. Aliona tu kwamba kati ya shamba zuri na kutogombana na mtoto wa ndugu yake, cha pili kilikuwa na thamani zaidi.

Nimeona jambo linalofanana na hilo kwenye kilima cha jirani na shule yetu. Mzee mmoja aliyekuwa amepewa ardhi na serikali katika miaka ya 1970 alirejewa na watoto wa mwenye ardhi wa zamani. Kesi ilikuwa imekwisha kuzungushwa vya kutosha. Siku bashingantahe walipokutana pamoja na wakuu wa kilima, mzee alitangulia kuzungumza. Aliwaambia wale vijana, “Mimi nimekula hapa miaka mingi. Chagueni ninyi upande.” Walinong’onezana, kisha mkubwa wao akasema wanachukua upande wa juu, na kwamba michikichi iliyo karibu na nyumba ya mzee ibaki kwake kwa kuwa ndiye aliyeipanda. Walipanda miti ya mpaka jioni hiyohiyo. Wanywaji wakanywa urwarwa, mchungaji na waumini wake wakanywa Fanta.

Nimeona pia kesi za namna nyingine. Nimeona nyumba ikibomolewa wakati mwenyewe ametoka kwenda kliniki na mtoto. Nimeona ndugu wa kanisa moja, wanaokula meza moja ya Bwana, wakipitishana njia mwaka mzima bila salamu. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu alisema kwamba mwenye sadaka akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende kwanza akapatane naye. Kama agizo hilo lingefuatwa Jumapili moja tu katika vilima vyetu, nadhani mbele ya madhabahu pangejaa vikapu na matoleo yasiyo na wenyewe hadi jioni.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba somo hili ni la wakulima tu. Anayepita Mugina kwenda Manyovu, au Kobero kwenda Kabanga, anajua kwamba mpaka nao una wakubwa na wadogo wake. Mwenye lori, mtaji na simu ya wakala ni mkubwa. Mama mwenye gunia mbili za dagaa na mtoto mgongoni ni mdogo. Kati yao kuna vitu vitatu vinavyompa mtu nguvu: mizani, bei na habari.

Mizani sina haja ya kueleza. Anayenunua maharage kwa mkulima kwa kilo moja kubwa, na kuyauza mjini kwa kilo moja ndogo, anajua anachofanya. Bei ya kuvunja faranga na shilingi vilevile. Lakini habari ndiyo tunayoisahau. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia rasmi Julai 2007, upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa palepale mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha. Yapo malipo mengine yanayoweza kubaki, lakini ushuru huo unaondoka. Anayeujua utaratibu huu anapita mlango mkuu. Asiyeujua anapita porini usiku, ananyang’anywa, pengine anadhalilishwa. Sasa wewe uliyesoma, unayejua karatasi ile, ukimwona mama huyo anazunguka nyuma ya kituo, kumwita na kumwonyesha fomu kunakugharimu nini? Kunakugharimu nafasi yako ya kuwa mjuaji peke yako. Huo ndio unyenyekevu wa mfanyabiashara, na una faida kuliko kujiita mtumishi asiyefaa katika maombi marefu.

Tukumbuke kwamba katika mfano wa Luka sura ya 18, aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki alikuwa mtoza ushuru, mtu wa mpakani, aliyesimama mbali. Farisayo aliyekuwa akimhesabia Mungu mifungo na mafungu yake ya kumi hakuwa mwongo. Pengine kila alichosema kilikuwa kweli. Tatizo lake ni kwamba hata mbele za Mungu bado alikuwa anamtazama jirani ili ajipime. Na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru katika sura inayofuata, hakuishia kwenye maneno. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Unyenyekevu wake ungeweza kuhesabiwa kwa fedha.

Nalisema hili nikiwa na makanisa yetu mawazoni, kwa sababu kiburi kimejifunza kuvaa kanzu. Siku hizi sherehe ya kanisa haianzi mpaka wakubwa wafike, hata kama watoto wamekaa juani tangu saa mbili. Mbele kuna viti vya sofa vyenye vitambaa, nyuma kuna mabenchi. Nusu saa inapita tukitambulisha wageni kwa vyeo vyao. Mchango unatangazwa kwa jina na kiasi, na aliyetoa noti kubwa anapigiwa vigelegele, wakati mama aliyetoa faranga 500, ambazo ndizo alizokuwa nazo, anapita kama upepo. Haya yote yamejibiwa katika Injili zenyewe: juu ya viti vya mbele somo liko Luka 14, juu ya kutoa kwa tarumbeta liko Mathayo 6, na juu ya sarafu mbili za mjane liko Marko 12. Tunazisoma sura hizo kwenye sherehe hizohizo, tukiwa tumekaa kwenye viti hivyohivyo.

Sisemi tuwadharau viongozi. Heshima si utumwa. Mgeni apokewe, mzee apishwe, padiri na mchungaji waheshimiwe. Lakini anayepewa kiti cha mbele ndiye mwenye uwezo wa kusema, “Mleteni yule bibi akae hapa.” Bibi mwenyewe hawezi kulisema hilo. Akilisema ataambiwa ana kiburi.

Wapo wanaofikiri kwamba unyenyekevu wa namna hii ni udhaifu, na kwamba katika nchi iliyopitia yaliyotupata sisi, udhaifu ni kifo. Kwao nawakumbusha seminari ndogo ya Buta, huko Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni la vijana wale na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Kila mmoja katika wale ambao wangeweza kupona kwa kujitenga alikuwa na nafasi ya kusema, “Mimi si kama hawa.” Hilo ndilo neno la Farisayo, na ndilo neno ambalo ubwibone wote hujengwa juu yake. Wao hawakulisema. Walibaki ndugu wa kawaida katikati ya ndugu zao. Mwenye ujasiri wa kuita jambo hilo udhaifu na aende Buta akasome majina yao.

Mimi ni mwalimu, na nisingependa kumaliza bila kugusa darasa, kwa sababu huko nako kuna mwenye nguvu, naye ni anayeshika chaki. Kiswahili kilipoingia katika shule zetu za msingi katika miaka ya 2000, watoto wa warejeaji waligeuka ghafla kuwa mabingwa katika somo moja baada ya kuwa wa mwisho katika mengine yote. Mwalimu ana uchaguzi. Anaweza kumwacha mtoto huyo alipize kisasi kwa kuwacheka waliomcheka. Anaweza pia kumketisha na yule anayejua Kifaransa, kila mmoja awe mwalimu wa mwenzake kwa saa moja na mwanafunzi kwa saa inayofuata. Ninafanya hivyo darasani kwangu. Mtoto aliyefundishwa na mwenzake leo na kumfundisha kesho anajua jambo ambalo wazazi wake wengi hatujalijua: kwamba kuwa mbele ni zamu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wasomaji, tubadili swali. Tumezoea kuulizana nani hajanyenyekea kwangu, nani hajanisalimia, nani kapita bila kuvua kofia. Kila mmoja wetu ajiulize kwanza: mimi mkono wangu uko juu wapi? Karibu hakuna asiye na mahali hapo. Mrejeaji asiye na shamba ana lugha na elimu. Mkazi asiyejua kusoma ana kilima na michikichi. Mama wa sokoni ana mizani. Mume ana sauti nyumbani, mke ana sauti juu ya msichana wa kazi, na msichana wa kazi ana nguvu juu ya mtoto anayebaki naye mchana kutwa. Mahali hapo ndipo Mungu anapotuona kama tunajiona au tunawaona wengine.

Wiki hii mwenye shamba amtangulize jirani kuzungumza. Mwenye mizani aipime kwanza mbele ya muuzaji. Mwenye kiti cha mbele Jumapili ampishe aliyesimama mlangoni. Nasi tuliokaa ugenini tuwaulize waliobaki yaliwapata nini miaka ile, kisha tusikilize hadi mwisho bila kutaja ya kwetu.